ELM327 ya Bluetooth: kushtuka kwa gari inakueleza, kelele haisikii

Ni kale kakasha kadogo ka kuchomeka chini ya usukani, kwenye soketi ya matundu 16, kanakotuma habari za injini kwenye simu. Nakatumia na programu ya Car Scanner kwenye Toyota ya injini ya 1NZ. Kama gari lako linashtuka-shtuka ukikanyaga, pesa yake inarudi mapema. Kama shida ni kelele, usinunue.

Kuunganisha si kazi: funguo kwenye ON, Bluetooth, namba ya siri 1234 au 0000. Wenye iPhone watafute ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE, hii ya kawaida haiwakubali. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hugoma kuongea nayo, kwa hiyo ijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Inapong'aa ni kwenye injini inayokosa moto. Namba ya hitilafu P0303 ikitokea kwenye simu, maana yake silinda ya tatu inakosa moto. Haisemi koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) imekufa, na hapo ndipo koili nyingi hununuliwa bure. Zima injini, fungua boliti ya koili kwa spana namba 10, hamishia koili ya 3 kwenye 1 na ya 1 kwenye 3 (kuhesabu kunaanzia upande wa fenibelti), futa namba, endesha. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0303, badilishana plagi vivyo hivyo, kisha ndiyo ushuku nozeli inayopuliza petroli. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, anza na gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), la sivyo koili mpya nayo itakwenda. Taa ya injini ikiwa inapepesa, acha kukanyaga: petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na kuiharibu kwa joto.

Hakuna namba lakini gari linavuta-vuta? Injini ikiwa ya moto, tazama kwenye programu marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza. Ndani ya asilimia 10, juu au chini, hakuna shaka. Yakiwa +20 gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyagwa) na kushuka ukipandisha hadi mizunguko 2,500, kuna hewa ya wizi: mpira wa kuingizia hewa umepasuka au bomba la vakyumu limechomoka. Yakizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, kagua pampu na filta ya petroli, na sensa ya hewa kama ni chafu.

Kelele hazina namba. Tak-tak ukikata kona kali ni jointi ya nje ya ekseli. Mngurumo unaopanda na mwendo, beringi ya tairi. Kishindo ukitoa P kwenda D, mara nyingi mauntingi, raba zinazoshikilia injini. Hayo ni ya jeki na masikio ya fundi.

Usiku ichomoe. Soketi hiyo ina umeme wa betri hata funguo ikiwa mfukoni.