Bouchon ya Lyon: utumbo safi, viazi wameniharibia

Wadau mnaopita Lyon, Ufaransa, leo naongelea bouchon, vile vimgahawa vya kienyeji vya pale mjini, meza zimebanana hadi unasikia umbea wote wa jirani na menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni, Kifaransa tupu. Jina la nilipokula naliacha maana nina malalamiko.

Kwenye ule ubao tafuteni maneno à la lyonnaise, yaani kwa mtindo wa Lyon. Mkiyaona jueni ni vitunguu maji, tena vingi, vimekaangwa kwa moto mdogo hadi vikapata rangi ya dhahabu na ule utamu wake ukatoka, siyo vile vya kutupia juu kama pambo. Ila msichanganye na salade lyonnaise, hiyo ni majani ya saladi, bekoni, mkate wa kukaanga na yai juu, kitunguu siyo lazima kabisa.

Mimi niliagiza gras-double à la lyonnaise, na jamani hii ni taulo ya ng'ombe, utumbo ule ule tunaoujua! Wanauchemsha kwanza mpaka ulainike, wanaukata vipande vyembamba virefu, wanaukaanga mpaka kingo zianze kukauka, vitunguu vinaingia, halafu mwishoni siki kidogo na majani ya parsley. Nyanya hamna, tangawizi hamna, mchuzi ndo usahau. Nilidhani bila rosti hautapanda lakini ile siki inakata mafuta vizuri sana, nilifuta sahani na mkate. Niliomba pilipili nikaletewa haradali, sawa tu, tukaendelea.

Sasa viazi. Pommes lyonnaises ni viazi vilivyochemshwa, vikakatwa slaisi na kukaangwa kwenye siagi, na vitunguu inabidi vikaangwe pembeni ndo vije kuchanganywa mwishoni. Hawa naona walitupia vyote pamoja tangu mwanzo, kwahiyo viazi vimeiva freshi ila vitunguu vimekuwa vyeusi na vichungu, nilikuwa navichambua kimoja kimoja naweka pembeni ya sahani. Kwa mji unaojisifia kitunguu hiyo ni aibu bana.

Mwenzangu alikula tablier de sapeur, nayo utumbo, ila ule wenye vishimo kama sega la nyuki, umelowekwa kwenye mvinyo mweupe, ukapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Mtamu ila mzito, mgawane. Cervelle de canut isiwatishe, jina ni ubongo wa mfuma hariri lakini ni jibini laini ya majani na vitunguu vidogo, ubongo haumo.

Msiokula nguruwe muulize kila kitu, andouillette (soseji ya matumbo) mara nyingi ni nguruwe, rosette (soseji kavu) ni nguruwe na zile bekoni za saladi pia, na hakuna atakayewaambia msipouliza. Huduma ilikuwa ya kusubiri sana, bili ndo ilikuja haraka.

Tangu 2012 kuna lebo ya Les Bouchons Lyonnais inabandikwa mlangoni kwa wanaopika kienyeji kweli, niliyokula mimi haikuwa nayo. Nikirudi naenda yenye lebo, na nitabuku mapema maana vinajaa, hasa jioni.

Utumbo 4/5, viazi 2/5.