Mabawa ya nondo ukutani: jioni ya filamu za Stan Brakhage Mwanza

Wiki iliyopita nililipa shilingi 5,000 kuingia katika ukumbi mdogo wa Kirumba uliokuwa umetangaza jioni ya filamu za Stan Brakhage, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2003, akiacha filamu zaidi ya 300 ambazo nyingi hazina hadithi, hazina waigizaji, na wala hazina sauti. Bango la mlangoni lilitaja mabawa ya nondo. Fundi ujenzi aliyeketi nyuma yangu alikiri kwamba alitarajia habari za vyuma vya zege. Alipoelezwa kuwa ni nondo wadudu, wale wanaojigonga kwenye taa, alicheka na kubaki.

Filamu iliyonileta ni Mothlight ya mwaka 1963, ambayo haifiki hata dakika tano na haikupigwa kwa kamera. Brakhage aliokota mabawa ya nondo waliokufa, akachukua majani na vipande vya maua, akavipanga kati ya tepu mbili angavu zenye upana wa mkanda wa milimita 16, kisha mkanda huo ukachapishwa maabara. Kwa kuwa fremu moja, yaani picha moja, ya mkanda wa aina hiyo ina kimo kisichofika milimita 8, bawa dogo huonekana kufumba na kufumbua likatoweka, ilhali unyasi mrefu hukatwa na mashine katika fremu nyingi mfululizo, nao huonekana ukitetemeka na kupanda ukutani kana kwamba bado unaota. Bawa moja lilipita likiwa limechanika ukingoni, unga wake wa kahawia umepukutika upande mmoja, mishipa yake myembamba kama nyuzi za wavu wa dagaa. Mtu aliyewahi kufagia mabawa ya kumbikumbi barazani asubuhi baada ya mvua, au kukesha ziwani karibu na karabai, hahitaji kufafanuliwa sanaa hii. Anaijua malighafi yake kwa vidole.

Kasoro ilikuwa ya waandaaji. Kijana wa projekta aliona kimya kinatisha, akafungulia magitaa kutoka kwenye simu yake, na papo hapo macho yetu yakaanza kufuata mdundo badala ya mabawa. Nilipomwomba azime, alinijibu kwa adabu: “Mzee, watu watasinzia.” Tuliokuwa mbele tulisisitiza, naye akairudia filamu bila muziki. Hakuna aliyesinzia. Fundi wangu aliomba isimamishwe katikati, jambo ambalo mashabiki wakali wa Brakhage wangelikataa, lakini mimi nilishukuru, maana fremu ile iliyoganda ilionyesha jani na bawa vimelaliana kwa ustadi ambao kasi ilikuwa imetuficha.

Filamu ya pili, Window Water Baby Moving ya mwaka 1959, inamwonyesha mke wake akijifungua, bila kuficha chochote. Watu wawili walitoka. Ni kazi yenye upole mwingi kuliko inavyosimuliwa, ila ilistahili tahadhari kabla ya taa kuzimwa, hasa kwa kuwa ukumbini mlikuwa na watoto.

Viti ni vya plastiki na ukuta una ufa unaokatiza picha upande wa kulia. Hata hivyo nitarudi, mradi simu ya kijana ibaki mfukoni.