Laga za Mwanza tunaziua kwenye friza: nimeonja nne, na sato pembeni

Wadau, hii naiandika kwa sababu nimechoka kusikia mtu anakaa mezani anasema "bia zote sawa tu bhana, cha msingi iwe baridi". Hazifanani, na hiyo baridi kali ndo inayozifanya zionekane zinafanana. Jumamosi iliyopita tulikaa Bwiru kwa shemeji yangu, nyumba yake ipo juu kwenye mawe na ziwa unaliona vizuri kabisa, tukaonja laga nne, yaani hizi bia zetu za kawaida za rangi ya dhahabu, kwa utaratibu na sio kwa kubahatisha.

Nianzie ilipoanzia. Wiki kama mbili kabla nilikuwa kwenye baa moja mjini, nikaagiza Safari, mhudumu akauliza ya baridi au ya moto, nikasema ya baridi. Akaleta chupa imevaa ukungu mweupe mpaka lebo haisomeki. Kizibo kilivotoka tu nikaona bia inaanza kuganda kuanzia shingoni kushuka chini, mbele ya macho yangu, chembe chembe kama barafu ya kusaga. Nikakaa nusu saa naisubiri iyeyuke, ilipoyeyuka gesi imeisha, povu hamna, yamebaki maji ya njano yenye uchungu kwa mbali. Buku mbili na jero ikaenda hivo. Kwenye daladala narudi ikaniuma kweli, sio hela, ila nilikuwa nawaza kampuni ya bia ya TBL wana kiwanda hapahapa Mwanza, kampuni ya Serengeti nao wana kiwanda hapahapa Mwanza, yaani sisi ni watu tunaoweza kunywa bia ambayo haijachoka na safari ndefu ya lori juani, bado mbichi kabisa, alafu tunaichukua tunaenda kuigandisha kama nyama.

Na nikamkumbuka baba mdogo. Baba mdogo tangu namfahamu anakunywa Balimi ya moto, kwa maana ya ile iliyokaa kwenye kreti haijaingia friji, na miaka yote sisi vijana tukiona ni mambo ya wazee tu, tumbo haliwezi baridi. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Safari hii nikampigia nikamwambia shikamoo baba, njoo Bwiru Jumamosi tuna shughuli ya kuonja bia, na naomba uje na ulimi wako. Akaja mapema kuliko wote.

Utaratibu ulikuwa hivi. Tulinunua Safari, Kilimanjaro, Balimi na Serengeti, chupa mbili mbili za nusu lita, zote duka moja, na nikaangalia tarehe kwenye kila chupa kabla sijalipa. Dada yangu, ambaye hanywi, ndo alikuwa anamimina ndani huku sisi tupo nje barazani, kwenye kitako cha kila glasi amebandika selotepu ya namba, yeye peke yake ndo anajua namba ipi ni bia gani. Waonjaji tulikuwa wanne, mimi, shemeji, baba mdogo na jirani mmoja anayefuga kuku. Huyo jirani alitusaidia sana maana alikuja na kipimajoto chake cha kwenye banda la vifaranga, akakiosha vizuri, tukawa tunapima bia kweli kweli.

Raundi ya kwanza bia zimetoka moja kwa moja kwenye friza. Kipimajoto kikasoma nyuzi 2. Tukaonja. Jamani, hakuna aliyejua kitu. Shemeji ni mtu wa Kili toka nimfahamu, hana bia nyingine, akainua glasi akasema hii ndo Kili naapa, ilikuwa Balimi. Mimi nilipata moja kati ya nne na hiyo moja nilikisia. Jirani hakupata hata moja. Zote nne zilikuwa zinakuja mdomoni kama kitu kimoja, baridi, gesi, uchungu kidogo nyuma, basi. Baba mdogo aliweka mdomoni mara moja, akairudisha glasi mezani akasema, "Wanangu mimi hapa naonja friji, bia sijaiona." Akakaa kimya anaangalia ziwa.

Raundi ya pili chupa zilitolewa friza zikakaa kivulini kama dakika ishirini na kitu, kipimajoto kikasoma kati ya 7 na 8. Dada akabadilisha namba zote. Na hapo ndo ikawa kama watu wamebadilishiwa midomo. Shemeji Kili yake aliikamata kwenye harufu, hata kabla hajameza. Mimi nikapata tatu. Baba mdogo akapata Balimi mara ya kwanza, tukamwambia tufanye tena bila kumuonyesha, akapata tena.

Sababu yenyewe haina uchawi. Ulimi ukipigwa baridi unakufa ganzi, na harufu ya bia haipandi puani kama kinywaji kimeganda, sasa karibu kila kitu tunachoita ladha ya bia kinapitia puani. Afu kuna watu watasema laga ni bia ya baridi kwa asili. Ni kweli kabisa, neno lenyewe limetoka kwenye Kijerumani likiwa na maana ya kuhifadhi, walikuwa wanaiweka mapangoni na kwenye mahandaki yenye barafu ikomae taratibu, na hamira yake ni ile inayofanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 7 mpaka 13 hivi, inatulia chini ya pipa. Ile laga ya rangi ya dhahabu ambayo dunia nzima inaiga ilitoka mji wa Plzeň mwaka 1842, aliyeipika ni Mjerumani mmoja anaitwa Josef Groll. Lakini ubaridi wa pango ni ubaridi wa pango, hauwezi kuwa sawa na wa friza ya samaki.

Sasa bia zenyewe.

Safari. Hii ina kilevi asilimia 5.5 na unaisikia, sio kwa ukali ila kwa uzito, inajaza mdomo. Kwenye nyuzi 8 inatoa utamu wa nafaka iliyokaangwa, mimi ilinikumbusha hindi la kuchoma likiwa limeungua kidogo pembeni, alafu uchungu unakuja mwishoni kabisa nyuma ya ulimi na unakaa. Watu wanasema Safari kali, nadhani wengi hawajawahi kuionja zaidi ya kuimeza ikiwa imeganda. Ni bia ya kunywa taratibu, chupa moja kwa saa nzima, na inazidi kuwa nzuri kadri ubaridi unavopungua kwenye glasi.

Kilimanjaro, 4.5. Nyepesi, safi, haikai mdomoni, inapita na kukuacha unataka chakula. Kwenye kuonja peke yake ilikuwa ya nne kwangu, lakini subirini nifike kwenye samaki.

Serengeti, 4.8, ya kimea kitupu. Hii ndo iliyonishangaza maana sikuwa nainywa. Ukiileta puani ina harufu ya mkate, ule mkate wa asubuhi ukiwa bado kwenye mfuko na mfuko umetoka jasho. Povu lake ndo lilidumu kuliko yote, nyeupe, zito, linashuka likiacha mistari kwenye glasi kila ukipiga funda. Kwangu ilikuwa ya kwanza siku hiyo, na nimeshawaambia wenzangu nimehama.

Balimi. Hapa lazima nikae kidogo maana hii ni ya kwetu huku Kanda ya Ziwa, jina lenyewe ni Kisukuma, balimi ni wakulima, na wengi tumelijua jina hilo tukiwa watoto kwenye mashindano ya mitumbwi, watu wamejaa ufukweni wanapiga kelele na makasia yanapiga maji kwa pamoja. Ina mwili mkubwa, utamu wa nafaka unatangulia mbele, uchungu wake mdogo kuliko Safari. Ikiwa imeganda ndo mbaya kuliko zote nne, inakuwa kama soda iliyokosewa. Kwenye nyuzi 8 ni bia nyingine. Baba mdogo akaomba tuijaribu na ya kwenye kreti kabisa, ya moto, kipimajoto kikasema 25. Nitasema ukweli, kwangu utamu ulizidi na gesi ilikimbia haraka, siwezi kunywa chupa nzima hivyo, lakini zile harufu zote zilikuwepo wazi kabisa, nikaelewa anachokifuata. Nikamuuliza baba mbona hujawahi kutuambia. Akasema hamjawahi kuuliza.

Chakula kilikuwa sato wawili wakubwa kutoka soko la samaki la Mwaloni, dada aliwapasua mgongo, chumvi, ndimu, tangawizi, wakachomwa juu ya mkaa mpaka ngozi ikakauka na kupasuka, pembeni ugali, kachumbari na pilipili ya kupondwa. Hapa Kili ikapanda kutoka ya nne mpaka ya kwanza. Sato ana mafuta yake yale ya tumboni, unakula unasikia mdomo umefunikwa, funda moja la Kili linasafisha kila kitu na unaanza tena kama tonge la kwanza. Safari na pilipili hazikupatana, kilevi kikiwa juu pilipili inawaka mara mbili, jirani machozi yalimtoka. Serengeti niliipeleka kwenye dagaa wa kukaanga wale wakavu wa kutafuna, na hapo sijui niseme nini, jaribuni wenyewe, ule ukavu wa dagaa na ule umkate wa bia vinaitana.

Kuna kitu kingine tuligundua hapohapo mezani. Glasi ya shemeji povu lilikufa ghafla wakati yangu bado limesimama, bia ileile, chupa ileile. Kumbe yeye alishaanza kula samaki na midomo ina mafuta, mafuta yakigusa povu linakata palepale. Ndo maana kwenye baa nyingi bia inakuja kwenye glasi haina povu hata kidogo, glasi zinaoshwa kwenye beseni moja na sahani za samaki. Wenye baa wa Mwanza nawaomba kwa moyo mmoja, glasi ziwe na beseni lake, na zisuuzwe vizuri sabuni itoke. Povu sio pambo, ndo linaloshika harufu na kuiachia kidogo kidogo.

Na suala la jua. Mwezi uliopita nilinunua laga moja ya nje kwenye duka ambalo chupa zimepangwa dirishani jua la mchana linapiga moja kwa moja, chupa ya kijani. Nimefungua nyumbani, harufu iliyotoka ni ya kicheche, wale waliokulia kijijini wananielewa. Mtengenezaji hana kosa hapo. Yale maua ya hopsi yanayoleta uchungu, mwanga ukiyapiga yanabadilika na kutoa harufu hiyo hiyo, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii mwanga kama ya kahawia. Hizi zetu nne zote zilikuwa za kahawia, hata hivyo kreti ikishinda juani nje ya duka bia inaharibika tu, joto linaizeesha, inaanza kuwa na ladha ya boksi lililolowa. Kwa hiyo mimi sa hivi nikifika dukani naangalia vitu viwili, tarehe, na kreti zimekaa wapi.

Guinness tuligusa moja tu mwishoni giza likiwa limeingia, ziwani taa za wavuvi wa dagaa zishaanza kuwaka kama mji mwingine upande wa pili. Hiyo sio laga na weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama kahawa, kwa hiyo sikutaka kuishindanisha na hizi. Ila kwa baridi ya pango hiyohiyo ni tamu mno, kahawa na chokoleti chungu, tukagawana wanne kidogo kidogo bila haraka.

Sasa nikienda baa namwambia mhudumu hivi: dada naomba ya kwenye friji ya kawaida, ya friza usiniletee, na kama ipo ya friza tu basi itoe iweke mezani nikiwa nasubiri samaki, samaki akifika na bia iko tayari. Mwanzoni wananishangaa. Juzi pale ninapokaa siku zote dada wa kaunta ameshazoea, nikiingia tu anaitoa Serengeti moja anaiweka kivulini karibu na mkaa wa samaki ila sio karibu sana, na glasi anaileta ikiwa kavu.

Jumamosi ijayo tunarudia kwa shemeji, safari hii ni Ndovu, Tusker na Windhoek, na jirani ameshasema kipimajoto analeta. Baba mdogo anakuja na Balimi zake mbili kwenye mfuko, hazijaingia friji.