Chemshabongo za Kiingereza kwenye simu: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nilipakua programu hii ninoe Kiingereza, kumbe watungaji wake wana ugonjwa wa karata. Wiki haiishi bila fumbo la mchezo uliochezwa Ulaya miaka mia tatu iliyopita. Mimi karata nazijua za barazani, kopa, uru, pau, shupaza, turufu na kelele zake. Ombre na faro sikuwahi kuzisikia.

Mwanzoni yalinichosha. Siku hizi ndiyo ninayoanza nayo, maana majibu yanajirudia: mtungaji anapenda neno fupi lenye irabu, na karata za kale zimejaa hayo. Herufi tatu, mchezo wa zamani? LOO. (GIN na NAP nazo ni tatu, kwa hiyo jaza kwanza maneno ya wima yanayolikata.) Jeki ya pau kwenye mchezo huohuo ni PAM, na inaipiga hata ree ya turufu.

Lililonikolea zaidi lilikuwa la mlalo, herufi tano: aliyeandika kitabu cha kufundisha whist mwaka 1742. HOYLE. Ukiligusa jibu linafunguka dirisha la maelezo, na hapo programu hii inawaacha wenzake mbali. Edmond Hoyle alikuwa akifundisha whist London. Kitabu chake kiliuzwa gini moja, shilingi 21 za wakati ule, si pesa ya mchezo. Wachapishaji wengine wakakinakili bila ruhusa, naye akaanza kutia saini nakala halali kwa mkono wake. Whist yenyewe ni ya watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja karata 13, na karata ya mwisho kugawiwa inafunuliwa ionyeshe turufu. Mtu wa barazani hapotei hapo.

Sasa nyota niliyoizuia. Dirisha hilohilo linasema Hoyle ndiye aliyeweka sheria za poka. Wapi! Alifariki 1769, na poka ilizuka Marekani karne ya 19. Wachapishaji ndio walioendelea kubandika jina lake kwenye vitabu vya sheria za michezo ambayo hakuwahi kuiona, mpaka Waingereza wakataja jina lake wakitaka kusema jambo limefuata kanuni. Niliwaandikia wenye programu. Wakanishukuru kwa kuwasiliana nao, na kosa bado liko palepale.

Msaada wa kufunua herufi unalipiwa kwa sarafu, na zikiisha unaangalia tangazo. Kwenye karata usizipoteze. Ukifunuliwa O ya mwisho, bado hujui ni LOO au UNO. Zangu nazitunza kwa ajili ya wachezaji wa besiboli wa Marekani, maana huko napigwa kila siku.