Seti ya kumimina chambo laini: kalibu safi, kipimajoto cha kutupa

Seti za kuanzia za kumimina chambo cha plastiki laini, zile zinazoagizwa mtandaoni kutoka China, hazitofautiani sana. Ndani unakuta lita 1 ya plastisoli (plastiki ya kimiminika inayoganda kuwa chambo baada ya kupashwa), kalibu ya alumini yenye vyumba vinne au sita, sirinji ya alumini ya ml 60, chupa ndogo za rangi, vimetameta na kipimajoto cha kijiti. Kwa anayevua sangara kwa rodi au kwa kukokota chambo nyuma ya boti, kuanzia Luchelele hadi Igombe, huku Mwanza kwenye Ziwa Victoria, nusu ya boksi hilo ni mali. Nusu nyingine ibadilishe kabla hujawasha chochote. Wa migonzo (kamba ndefu zenye ndoana nyingi), wenye furu hai ndooni, wale samaki wadogo wa chambo, hawana sababu ya kununua kabisa.

Mali ni kalibu na sirinji. Alumini inapoza haraka, chambo kinatoka baada ya dakika 3 hadi 5 kikiwa na uso laini, mkia umetimia. Pete za mpira za sirinji zipake tone la mafuta ya silikoni kila unapoanza, la sivyo zinakauka na kuvuta hewa. Kasoro ya kalibu ni kipimo: chambo cha sm 7 au 8 kimelengwa samaki wadogo wa Marekani. Sangara mkubwa anakila pia, lakini kwa chambo hicho wengi utakaowapata ni watoto. Tafuta kalibu ya sm 12 hadi 15 yenye mkia wa kasia.

Plastisoli yenyewe ni unga wa PVC uliochanganywa na mafuta ya kulainisha. Chupa ikikaa wiki kadhaa njiani, unga unashuka na kuganda chini. Kutikisa tu hakutoshi. Koroga kwa kijiti cha mbao mpaka usikie chini hakuna kitu kigumu. Ukimimina bila kukoroga, chambo cha juu ya chupa kinakuwa legelege na kuvuja mafuta, cha chini kinakuwa kigumu kama kandambili. Watu hulaumu kiwanda kwa kosa hili.

Sasa joto, na hapa ndipo kipimajoto cha kijiti kinapoharibu kazi. Kinapanda polepole, kikisema 160 plastiki imeshapita joto linalotakiwa. Nunua cha kupiga miale (kinachopima bila kugusa), koroga kwanza, ndipo upime, maana kinasoma uso tu. Lengo ni nyuzi 170 hadi 177 za Selsiasi. Weka ml 150 kwenye kikombe cha kioo kinachostahimili joto, ndani ya maikrowevu ya wati 800: dakika 2, koroga taratibu, sekunde 30, koroga, kisha sekunde 15 kwa 15. Kimiminika kitaanza kama maziwa, kitakuwa kizito kama uji uliokolea (wengi hukata tamaa hapo), halafu kitalegea tena na kuwa angavu. Kikiangaza bila ukungu, kimeiva. Ukimimina kabla, chambo kinakatika ndoanoni kama andazi lililolala.

Muda huo usiuamini jioni. Umeme ukishuka, maikrowevu inapasha kwa nguvu ndogo na dakika za kwenye karatasi ya maelekezo hazina maana, fuata kipimajoto. Umeme ukikatika katikati, usimwage kitu. Acha kigande, kikate vipande vidogo, upashe tena ukirudi. Jiko la mkaa liache: chini kunaungua wakati juu bado ni maziwa, na mvuke wa mafuta unaweza kushika moto. Asiye na maikrowevu atumie jiko la umeme la sahani moja, moto mdogo, sufuria nzito, mwiko usisimame.

Kuanzia nyuzi 190 hivi plastiki inageuka njano, kisha kahawia, na inatoa gesi ya asidi inayochoma koo na kula chuma. Seti haina barakoa wala haisemi lolote juu ya hilo, na hii ndiyo dosari kubwa kuliko zote. Fanyia kazi barazani, upepo ukitokea mgongoni. Vaa barakoa yenye filta za mvuke na gesi za asidi (ya kitambaa haisaidii), miwani na glovu za ngozi za mafundi wa kuchomelea. Maikrowevu hiyo isirudi jikoni kwa chakula. Maji ni adui: tone moja kikombeni linalipuka na kurusha plastiki ya nyuzi 170 usoni. Hata chumvi ya kuongeza uzito ikaangwe kwanza, maana hewa ya ziwani inailowesha.

Chambo kikitoka na shimo mgongoni, plastiki imesinyaa ikipoa: shikilia mgandamizo wa sirinji sekunde 10 na uache plastiki ya ziada, nene kama kifuniko, mlangoni mwa kalibu. Mkia ukikatika, kalibu ilikuwa baridi. Mimina mara moja ya kupashia, uirudishe kikombeni. Vipovu vingi vinatokana na kukoroga kwa haraka au unyevu. Vimetameta viweke mwisho.

Asiyetaka kuagiza kalibu kubwa atengeneze ya plasta, ile POP ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Unga vipimo 2, maji 1. Zamisha nusu ya chambo cha mfano, acha kigande, chimba vijishimo vya kulinganisha, paka mafuta ya mgando, mimina nusu ya pili. Ianike siku kadhaa mpaka iwe nyepesi, kisha ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, mara tatu, kila safari ikauke. Plasta mbichi inatoa mvuke na chambo kinatoka na matundu kama mkate wa kumimina.

Lita 1 inatoa chambo kama 100 cha gramu 10, au 35 hivi cha gramu 28. Mabaki yote yanayeyuka tena, basi hata kipande kisiangukie ziwani. Kwa maji ya kijani ya Ghuba ya Mwanza, njano inayong'aa yenye mgongo mweusi inaonekana vizuri kuliko ile rangi ya fedha ya seti, ambayo inafaa kwenye maji angavu ya mbali. Rangi iliyokoza usiiweke pamoja na nyeupe, zitaambukizana. Na visanduku vigumu vya plastiki usivitumie kuhifadhia: mafuta ya chambo yanaviyeyusha, utakuta chambo na kisanduku vimeshikana. Chupa ya kioo iliyokuwa ya jamu inatosha.