Yr: utabiri wa bure kutoka Norwei, kwa macho ya mwanika mukene wa Masese

Kwa mtu anayeishi kwa kuanika mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, utabiri wa hali ya hewa ni chombo cha kazi sawasawa na wavu na chanja, na kati ya huduma zote za aina hiyo zinazopatikana kwenye simu zetu hapa Uganda, Yr ndiyo ninayoiamini zaidi. Ni huduma ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei ikishirikiana na shirika la utangazaji la nchi hiyo, NRK. Ilianzishwa mwaka 2007, inapatikana bure kwenye tovuti na kama programu ya simu, na haimtaki mtu ajisajili kwanza. Ingawa imetengenezwa na watu wa nchi ya theluji, inatoa utabiri wa dunia nzima: ukiandika Jinja, Kasese, Arua au Kalangala, unaupata papo hapo.

Kazi yetu hapa Masese, pembeni ya mji wa Jinja, haina subira. Mukene huvuliwa usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, kwa taa zinazowavuta hadi juu ya maji, na mitumbwi hurudi mwaloni alfajiri. Kuanzia hapo saa zinahesabika. Wakimwagwa juu ya chanja mapema na jua likawaka vizuri, wanaweza kuwa wamekauka kabla ya magharibi, wakiwa na ile rangi ya fedha ambayo mnunuzi huitafuta kwa kuwashika kiganjani na kumvunja mmoja asikie anavyokatika. Mvua ikiwakuta wangali na unyevu ndani, hubadilika rangi na kutoa harufu, na gunia lililokuwa liende jikoni kwa watu huishia kwa wasagaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kusikitisha. Ndiyo maana mwanika mukene hatosheki na kuambiwa kwamba leo kuna mvua. Kati ya Machi na Mei mvua si habari. Anachotaka kujua ni itaanza saa ngapi na itakuwa nyingi kiasi gani.

Hapo ndipo Yr inapojipatia sifa. Kwa siku mbili hivi za mwanzo inaonyesha hali ya hewa saa kwa saa, na baada ya hapo kwa vipande vya saa sita sita hadi kiasi cha siku tisa mbele. Kila saa ina mstari wake: alama ya jua, wingu au radi, kiwango cha joto, mvua kwa milimita, na kasi ya upepo pamoja na mshale wa mwelekeo. Milimita hizo ndizo ninazozitazama kwanza. Chini ya nusu milimita ni manyunyu ambayo turubai hutosha kuyazuia. Milimita tano ndani ya saa moja ni mvua ya kuondoa mukene kwenye chanja kabisa na kuwaingiza bandani. Programu niliyokuwa nikiitumia kabla ya hii ilitoa alama moja tu ya wingu lenye matone kwa siku nzima, ikiwa imezungukwa na matangazo ya biashara, na kwa alama kama hiyo huwezi kupanga chochote. Upepo nao una maana kwetu, kwa kuwa siku ya mawingu yenye upepo mkavu inaweza kukausha samaki kuliko siku ya jua yenye hewa nzito iliyotulia.

Tarakimu za joto huandikwa kwa rangi nyekundu zikiwa juu ya sifuri na kwa buluu zikiwa chini yake. Kwa Jinja buluu haitatokea. Ninaiona kwa Bjørnøya, mahali ambapo nimepahifadhi kwenye orodha yangu baada ya Jinja na Kalangala, kwa sababu nilitaka kuwafahamu watu walio nyuma ya huduma ninayoitegemea, na kisiwa hicho kinaeleza vizuri kuliko tangazo lolote kwa nini taasisi hii inastahili kuaminiwa.

Bjørnøya ni kisiwa chenye eneo la kilomita za mraba 178, kilicho peke yake baharini kati ya Norwei na visiwa vya Svalbard, kwenye latitudo ya zaidi ya digrii 74 kaskazini. Hakina kijiji, soko wala shule. Wanaokaa humo ni watumishi wa kituo cha hali ya hewa, takriban watu tisa, wakiwemo wapimaji, mafundi wa mitambo na mpishi, na hukaa kwa zamu ya miezi sita. Kituo kilianza mwaka 1918 mahali panapoitwa Tunheim, kisha kikahamishiwa pwani ya kaskazini mwaka 1947. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Februari jua halichomozi kabisa, na kuanzia Mei hadi Agosti halizami. Baridi yake si ya kutisha kama mtu angetarajia kwa mahali pa kaskazini namna hiyo, kwa sababu maji ya vuguvugu ya Atlantiki hufika karibu. Anayetaka baridi ya kweli atazame kituo cha Eureka huko Kanada, kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1947, ambako wastani wa joto wa mwaka mzima ni karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Tabu ya Bjørnøya ni upepo, ukungu wa kiangazi unaofunika kisiwa, na dubu weupe wanaofuatana na barafu ya baharini wakati wa baridi. Anayetoka nje hutazama kwanza pande zote, na mbwa wa kituo ni walinzi kabla ya kuwa wenzi wa upweke. Katika kisiwa cha Hopen, upande wa kaskazini-mashariki, kazi kama hiyo imekuwa ikifanywa na watu wanne tu.

Saa zao za kazi ni zilezile zinazofuatwa na vituo vya hali ya hewa duniani kote, na kwa majira yetu ya Afrika Mashariki saa kuu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Kwa vipimo vya saa tisa, usiku na alasiri, puto hurushwa. Mpimaji hulijaza gesi nyepesi ndani ya banda lenye mlango mpana, akiwa amevaa glavu, kwa sababu mpira wake ni mwembamba na mafuta ya vidole huweza kuudhoofisha. Hufunga chini yake kifaa kidogo cha redio, hutoka nalo nje huku likimvuta kwenda upande wa upepo, na kuliachia. Puto hupanda kiasi cha mita tano kila sekunde, likizidi kuvimba kadiri hewa ya nje inavyopungua uzito, hadi linapasuka kwenye kimo cha kilomita 30 hivi. Njia nzima kile kifaa hutuma habari za joto na unyevu, na jinsi kinavyosukumwa huonyesha upepo wa kila tabaka la anga. Puto la usiku wa Desemba, theluji ikipiga usoni, haliwezi kuahirishwa hadi kesho, kwa sababu hewa ya saa ile haitarudi ipimwe tena.

Thamani ya vipimo vya kaskazini ilijulikana hata vitani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ujerumani ilipeleka kwa siri kikosi cha watu 11, kilichoitwa Haudegen, kwenye kisiwa cha Nordaustlandet huko Svalbard kwa ajili ya kupima hali ya hewa tu, na watu hao walijisalimisha tarehe 4 Septemba 1945, miezi minne baada ya vita kwisha barani Ulaya. Siku hizi vipimo vya huko hugawiwa mataifa mengine hadharani, na data za taasisi ya Norwei ziko wazi kwa yeyote anayetaka kutengeneza programu yake. Kwangu huo ni uungwana mkubwa.

Nnalongo mmoja, yaani mama wa mapacha, ambaye chanja zake zimepakana na zangu aliniuliza swali linalomfaa kila mtumiaji wa Yr: "Mwanangu, hao wa barafuni wataijuaje mvua ya Masese?" Nilimjibu, "Mama, wao hawaioni mvua yetu, wanaikokotoa," naye akataka nimweleze inavyokokotolewa, na maelezo hayo ndiyo yanayoonyesha mpaka wa huduma hii. Kwa maeneo yaliyo nje ya Ulaya ya Kaskazini, Yr hutumia hesabu za kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, chenye makao yake Reading, Uingereza, na kompyuta yake kuu Bologna, Italia. Kompyuta hiyo hupokea vipimo vya setilaiti, ndege, meli, vituo vya ardhini na maputo, huunda picha ya hewa yote ya dunia ilivyo kwa saa fulani, kisha hukokotoa itakavyobadilika. Puto la Bjørnøya limo katika picha hiyo, lakini mvua yetu ya kesho hutegemea zaidi kilichopimwa karibu nasi, na barani Afrika maputo yanayorushwa ni machache mno kulingana na ukubwa wa bara. Inaniuma kwamba kisiwa kisicho na wenyeji kinapimwa angani kila siku, wakati bonde la Ziwa Victoria, lenye makumi ya mamilioni ya watu, linasomwa zaidi kwa setilaiti.

Kuna sababu ya pili ya utabiri huu kuwa na mpaka kwetu. Hesabu hizo huigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita tisa, na wingu la radi linaweza kuwa dogo kuliko mraba mmoja. Ziwa nalo lina tabia yake: mchana upepo hutoka majini kuelekea nchi kavu na mawingu ya mvua hukua juu ya ardhi, usiku upepo hugeuka, huingia ziwani kutoka pande zote, na ngurumo huzuka juu ya maji kati ya usiku wa manane na alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa mukene wako ndani. Kwa hiyo, kwa kazi ya kuanika, Yr inatosha kuniongoza, maana kosa lake hunigharimu gunia. Kwa mwenye mtumbwi, kosa ni la roho. Wanorwei wenyewe wanalijua hilo kwa uchungu: mwezi wa Aprili 1952, dhoruba katika bahari ya magharibi ya barafu, upande wa kisiwa cha Jan Mayen, ilizamisha meli tano za wawindaji wa sili na kuua watu 78. Mvuvi wa hapa asikilize kwanza maonyo ya taasisi yetu ya hali ya hewa yanayotolewa kwa ajili ya ziwa, aichukue Yr kuwa ushahidi wa ziada, na umeme ukianza kumulika upande wa visiwa, arudi.

Jambo jingine la kuangalia ni utabiri wa msimu, unaotolewa na watabiri wetu wenyewe kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Huo Yr haitoi, nasi tunauhitaji tunapoamua kununua turubai mpya au kujenga banda.

Kasoro ninayotamani irekebishwe ni lugha. Yr inazungumza Kinorwei, Kisami na Kiingereza. Kiswahili hakimo, na wengi wa wanawake wanaoanika mwaloni hutegemea alama na tarakimu peke yake. Saa nazo zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo asiyezoea aelezwe mapema kwamba 15:00 ni saa tisa alasiri, asije akasubiri hadi usiku. Kwa yote hayo, naipa nyota nne kati ya tano kwa anayeanika samaki, kahawa, mihogo au matofali, na tatu kwa anayelala ziwani.