Tahadhari kwa mafundi: vitako vya magurudumu vinavyouzwa kwa uzito wa uongo

Ndugu mafundi na wote wenye karakana, naomba msome maelezo haya kabla ya kulipia kitako cha magurudumu cha kuwekea msumeno, randa au mashine nyingine yoyote nzito. Yupo muuzaji anayetangaza vitako hivyo mtandaoni na kudai kuwa kila kimoja hubeba kilo 400. Nilinunua kimoja, na siku ya kwanza ya kukitumia nusura kiiangushe mashine juu ya kijana anayenisaidia kazi.

Nilikihitaji kwa ajili ya msumeno wa mkanda wenye uzito wa kilo 230, ambao kila tulipotaka kuusogeza tulilazimika kuuinua kwa mtarimbo na kuubiringisha juu ya vipande vya bomba. Tangazo lilitaja fremu ya bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye ukuta wa milimita 3. Muuzaji alikataa nisikague mzigo kabla ya kulipa, akisema wanunuzi ni wengi na kwamba nikichelewa nitakosa. Nilipaswa kuacha hapo hapo, lakini nililipa. Kitako kilichofika kilifanana na picha kwa rangi na kwa vipimo vya nje, nasi tukaunyanyua msumeno kwa jeki, tukaupandisha na kuanza kuusukuma. Gurudumu moja la mbele liliingia katika ufa wa sakafu usiozidi upana wa kidole, bamba lake likachana ukuta wa bomba, na mashine nzima ikainamia upande huo mpaka ikazuiwa na meza ya kazi. Kijana alikuwa ametoka upande ule muda mfupi tu kabla yake, na hadi leo nikilikumbuka jambo hilo moyo hunienda mbio.

Tulipokifungua ndipo udanganyifu ulipoonekana wazi. Kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, ukuta wa bomba ulikuwa na milimita 1.4, yaani chini ya nusu ya uliotangazwa, na ncha zote za mabomba zilikuwa zimezibwa kwa vifuniko vya plastiki vilivyogongwa kwa nguvu ili unene usionekane. Kila gurudumu lilikuwa na kibandiko cha kilo 100. Nilipokibandua, nilikuta chini yake chuma chenyewe kimepigwa chapa ya kilo 60. Bolti nazo hazikuwa na alama yoyote kichwani, ilhali bolti ya kutegemewa kwa mzigo wa namna hii huonyesha daraja lake, kwa mfano 8.8.

Hata kama vibandiko vile vingekuwa vya kweli, kilo 400 zingebaki kuwa uongo, na naomba jambo hili lieleweke vizuri kwa sababu hata wauzaji wengine hulitumia. Muuzaji huchukua uwezo wa gurudumu moja na kuuzidisha kwa nne. Sakafu ya karakana ni nadra kuwa sawa kabisa, kwa hiyo fremu ngumu yenye magurudumu manne mara nyingi husimama juu ya matatu, huku la nne likigusa tu au likining'inia. Ndiyo maana uzito wote hugawanywa kwa tatu. Msumeno wangu wa kilo 230 pamoja na kitako cha kilo 10 ni kilo 240, hivyo kila gurudumu lilitakiwa kuweza kubeba kilo 80 kwa uchache. La kilo 60 lilikuwa limeshindwa kabla halijaanza kuzunguka. Zaidi ya hayo, gurudumu lililosimama huweza kubeba uzito mkubwa kuliko linaposukumwa na kugonga kizingiti au ufa, kwa hiyo muulizeni muuzaji kiwango cha mwendo, na msikubali kupewa cha kusimama peke yake.

Breki zake pia ni za kuhofia. Zinabana gurudumu lisizunguke, lakini kiungo cha kugeukia hubaki huru, kwa hiyo mashine huendelea kuyumba wakati mbao inapopitishwa kwenye msumeno. Kitako kizuri ama hufunga vyote viwili, ama huishusha mashine ikasimama juu ya miguu yake na magurudumu yakabaki bila mzigo.

Kwa anayeweza kukagua kabla ya kulipa, mizani hutoa jibu la haraka. Bomba la milimita 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 3.4 kwa kila mita, na lenye ukuta wa milimita 1.5 lina karibu kilo 1.8. Pimeni uzito wa kitako na urefu wa mabomba yote, ondoeni uzito wa magurudumu, kisha linganisheni. Ng'oeni kifuniko kimoja na mtazame ndani. Anayekataa jambo dogo kama hilo ana sababu yake.

Kwa ambao tayari wameshanunua, msiisukume mashine hata hatua moja. Ishusheni kwa jeki huku mkiweka magogo chini yake hatua kwa hatua, na asiwepo mtu upande ambao inaweza kuangukia. Nilipomlalamikia muuzaji, kwanza alisema nimezidisha mzigo. Nilipomtumia picha ya chapa ya kilo 60, akanitaka nimrudishie kitako chote kwa gharama yangu ili akikague, ndipo azungumzie fedha zangu. Nilikataa, naye hakujibu tena. Msikubali sharti hilo, kwa kuwa kitako chenyewe ndicho ushahidi wenu. Kihifadhini pamoja na vibandiko vyake, risiti ya malipo, na nakala ya tangazo na mazungumzo yote, mkiwasilishe pale mtakapopeleka malalamiko.